Dakika Zisizo na Mwenyewe

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu, na sumu yote ilikuwa kwenye ile nusu. Msimamizi wa wasafisha ndege aliisoma amesimama mlangoni, mkoba bado begani. Akaisoma tena ameketi. Halafu akampa mama mkwe wake, ambaye hakuwa na miwani, akaishika tu kwa heshima.

"Inasemaje, mama?" bibi akauliza.

"Inasema sisi ni wavivu."

"Wewe?"

"Mimi na wanawake thelathini. Eti kwa miezi sita tumechelewesha ndege dakika elfu moja mia mbili na kumi na sita. Alhamisi saa nne asubuhi twende tukajieleze. Maelezo yasipowaridhisha, mwisho wa mwezi kampuni yetu inatolewa uwanjani, inaletwa nyingine."

Bibi akaigeuza karatasi upande wa pili, kama mtu anayetafuta bei. "Elfu moja na ngapi?"

"Mia mbili na kumi na sita. Na hiyo sita ndiyo inayonikera. Yaani kuna mtu kakaa chini, kahesabu mpaka hiyo sita!"

Mtu huyo alikuwa ameketi kiti cha pili kutoka hapo, anachovya mkate kwenye chai. Tusizungushane: alikuwa mumewe. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa karani wa muda wa safari katika shirika la ndege, ghorofa ya pili, chumba chenye dirisha lisilofunguka. Dakika zote hizo alikuwa ameziingiza kwenye kompyuta kwa kidole chake, siku baada ya siku, na hakuna hata moja aliyoiingiza kwa nia ya kumdhuru mke wake. Kipande cha mkate kikalainika kikadondokea ndani ya kikombe.

"Baba watoto, si wewe ndiye mtu wa dakika? Hebu niambie hizi zimetoka wapi."

"Zinatoka chini, kwenye fomu," alisema. "Sisi tunaingiza tu."

"Basi kaniangalizie huyo anayetuandika. Nikimjua, haki ya Mungu, nitamsugua meno kwa dawa ya choo."

"Nitaangalia."

"Kikulacho ki nguoni mwako," bibi akasema, akamrudishia barua. "Tafuta hapohapo katika watu wako, mama. Kuna mwanamke anakitamani cheo chako."

Cheo chenyewe kilikuwa hiki: redio ya mkononi, kizibao cha njano, na jina la utani. Wasafishaji walimwita Kamanda. Timu yake iliingia ndegeni abiria wa mwisho akiwa bado ngazini, ikafuta, ikafagia, ikakunja mikanda, ikatoka. Ilitumia dakika kumi na nne. Ratiba iliwapa kumi na tano, na ile moja iliyobaki Kamanda aliiita akiba ya ajali.

Na ajali hazikukosekana. Ndizo zilizokuwa kitoweo cha meza ile kila jioni. Kamanda alikuwa msimuliaji hodari, anajua kuiga sauti na kutembea kama wahusika wake. Kuna siku waliokota meno ya bandia, seti nzima, ndani ya mfuko wa kiti. Kuna bwana mmoja aliyetapika ndani ya kiatu chake, akakiweka kwa adabu kwenye kabati la juu, akashuka na mguu mmoja wa soksi. Kuna mtoto aliyepaka dirisha zima rangi ya mdomo ya mama yake, akachora na jua. Bibi alicheka mpaka akaomba maji. Karani naye alicheka, ameinamia sahani, na kila alichokisikia kikabaki kichwani mwake. Watoto wao wawili walikuwa shule ya bweni, kwa hiyo hadhira ilikuwa hiyo tu, ikatosha.

Jioni ya barua hakukuwa na kisa.

*

Kazi ya karani wa muda inaonekana rahisi kwa asiyeifanya. Kila ndege ina saa nne: saa ya kuondoka maegeshoni, saa ya kuiacha ardhi, saa ya kuigusa ardhi upande wa pili, na saa ya kusimama. Ukizipanga hizo nne kwenye mstari mmoja, utajua safari ilitumia muda gani, na ukijua ingetumia muda gani kama ingekwenda moja kwa moja, tofauti yake ndiyo hasara. Karani aliijua hasara hiyo kama mtu anavyojua ngazi za nyumba yake gizani. Safari ya asubuhi, ya dakika hamsini, ilikula saa moja na dakika nane. Hizo kumi na nane zilipotea juu, ndege ikizunguka na kuzunguka ikingoja zamu ya kutua, kwa sababu ratiba ilikuwa imepanga ndege nane zitue ndani ya robo saa moja kwenye njia moja ya kutua. Ndege ikichelewa kufika, huchelewa kuondoka. Hata mtoto angeelewa.

Lakini kompyuta ilitaka zaidi ya kuelewa. Kila dakika ya kuchelewa ilipaswa kupewa namba ya sababu, na nyuma ya kila namba kulikuwa na mtu. Mafuta yalikuwa na namba yake, chakula namba yake, mnara wa kuongozea ndege namba yake. Tisini na tatu ilikuwa ya ndege iliyofika imechelewa, na hasara ya tisini na tatu ilikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Mkuu wa Ratiba. Thelathini na tano ilikuwa ya usafi wa ndani.

Mkuu wa Ratiba alimwambia zamani, wakiwa kwenye lifti, "Tisini na tatu zisizidi tano kwa wiki. Zinazobaki zitafutie mwenyewe." Hakumtajia mwenyewe yupi. Watu wa namna ile hawataji.

Karani akatafuta. Ukiwapa watu wa mafuta dakika tatu, mhandisi wao anapiga simu kabla hujanywa chai. Watu wa chakula walileta barua yenye nakala tatu. Mnara una sauti zilizorekodiwa, na marubani wenyewe walipanda ghorofa ya pili na kofia zao kichwani. Wasafishaji hawakupiga simu. Hawakuwa na simu ya kupiga. Hakuna aliyewahi kuwaonyesha kwamba wana namba.

Ikaanza na dakika mbili, siku moja jioni, fomu iliyotoka chini bila sababu na kompyuta inakataa kufunga siku. Akaandika thelathini na tano. Kompyuta ikadai maelezo, maana nayo ni mdadisi, haikubali sanduku tupu. Akafikiri kidogo, akaandika kitu alichokisikia mezani jana yake: *Matapishi ndani ya kiatu, kabati la juu.* Siku ikafungwa, akaenda nyumbani. Kesho yake hakuna aliyelalamika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayetaka siku ifungwe.

Sasa, asubuhi ya Jumanne, alibisha mlango wa Mkuu wa Ratiba.

"Mkuu, kuna dakika niliziweka mahali sipo."

"Ngapi?"

"Nyingi. Za usafi."

"Za usafi ziko sawa. Ndizo pekee ambazo hazijawahi kulalamikiwa."

"Ndiyo maana, Mkuu."

Mkuu akavua miwani, akaifuta kwa tai. Hakuwa mkali. Alikuwa na picha ya wajukuu mezani na chupa ya dawa ya tumbo. "Tuseme unazitoa huko. Utazipeleka wapi?"

"Tisini na tatu. Ndege zinazunguka juu dakika kumi na nane kila asubuhi. Nimepima, Mkuu. Miaka mitatu nimepima."

"Nani alikutuma?"

"Si ndiyo kazi yangu?"

"Kazi yako ni kuingiza." Akairudisha miwani. "Sikiliza, ndugu yangu. Ripoti ya upotevu wa muda imeshafika juu, na huko juu wameipenda. Kwa mara ya kwanza wanajua muda wao unapotelea wapi. Sasa unataka niende kuwaambia unapotelea hapa, kwenye meza hii?"

Karani akaiangalia meza. Ilikuwa meza nzuri.

"Mkeo yuko kule kwenye usafi, eh?" Mkuu akasema kwa sauti ya chini. "Najua. Nitamwombea nafasi kwenye kampuni mpya. Yeye tu lakini, siwezi kubeba kijiji. Na Alhamisi wewe ndiye utakayetusomea maelezo. Una sauti nzuri, inasikika."

"Asante, Mkuu," alisema karani, na akiwa ngazini ndipo alipojiuliza alikuwa anashukuru nini.

*

Jumatano wasafishaji walipimwa. Afisa wa ubora, mwanamke mwembamba mwenye saa ya kupimia shingoni, aliwapanga mstari nje ya ndege tupu, akawataka wavue viatu kwa ukaguzi kama kawaida ya lango, ingawa lango walikuwa wameshalipita na viatu walikuwa wameshavuliwa mara moja. Mkubwa wao kwa umri, ambaye wote walimwita Shangazi, alichukua muda kuinama kwa sababu ya magoti. Afisa akaangalia saa yake. Kamanda akapiga goti, akamfungulia Shangazi kamba za viatu bila kusema neno.

Walisafisha kwa dakika kumi na tatu na sekunde kumi. Mmoja alitoka na gunia la takataka akahema, akasubiri kusifiwa.

"Leo mmejua mnapimwa," afisa akasema.

"Basi tupime siku tusiyojua," Kamanda akamjibu.

"Siku msiyojua tayari tunayo kwenye kumbukumbu."

Walipokuwa wakirudi kwenye kibanda chao, Shangazi alimshika mkono. Alikuwa na wajukuu wanne nyumbani na mwaka mmoja tu wa kazi mpaka apumzike. "Kamanda, tutapona?"

"Mume wangu anatuangalizia. Yuko hukohuko juu, kwenye namba."

"Afadhali," Shangazi akasema. "Mtu wako akiwa ndani, hata moyo unatulia."

Maneno hayo Kamanda akaenda nayo nyumbani. Akamkuta mumewe amewahi, anakunja shati ambalo tayari lilikuwa limekunjwa.

"Enhe?"

"Zimefungwa," alisema. "Mwezi ukishafungwa haufunguki."

"Haufunguki? Ni kaburi?"

"Ndivyo kompyuta ilivyo."

"Sikukwambia uufungue. Nilikwambia uniangalizie nani anatuandika."

Nafasi ilikuwepo, na karani aliiona. Mama yake alikuwa uani anaanua nguo, redio ya jirani inaimba, mke wake amesimama mbele yake na uso uliochoka lakini usio na hasira bado. Lingekuwa neno moja. Badala yake akasema lingine:

"Mkuu ameahidi utapata nafasi kwenye kampuni mpya."

Kamanda akavuta kiti, akaketi. "Na wenzangu?"

"Amesema wewe."

"Mimi na nani?"

"Wewe tu."

"Kwa hiyo nilikutuma unitafutie mtu, wewe ukaenda kunitafutia kazi."

"Nilikuwa nakufikiria."

"Ungenifikiria ungeniuliza." Akainuka, akatoa sare yake kwenye msumari. "Haya. Niletee pasi. Kesho nitajieleza mwenyewe, maana tajiri wetu, mwenye kampuni, naye kapiga simu, eti ana mkutano mwingine. Kila mtu ana mkutano mwingine."

Alipiga pasi kola mara tatu. Bibi aliingia na kapu la nguo, akawatazama wote wawili, akaona hali ya hewa, akasema tu kwamba mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na kwamba kesho atafunga mpaka saa nne ipite. Mwanawe akatoka kwenda kuangalia kama mfereji umefungwa vizuri. Ulikuwa umefungwa.

*

Chumba cha mkutano kilikuwa na meza ndefu na viti kumi na sita, lakini walikuwa watano tu, kwa hiyo walionekana kama watu waliobaki baada ya wengine kuokolewa. Mkuu wa Ratiba aliketi mwanzo wa meza, afisa wa ubora kulia kwake, karani kushoto na rundo la karatasi. Kamanda na Shangazi walipewa upande wa dirishani, jua linawachoma machoni. Hakuna aliyewaletea maji. Maji yalikuwepo, upande wa pili.

Mkuu alieleza kwa upole. Shirika linapoteza muda, muda ni mafuta, mafuta ni nauli. Vipimo vimefanywa. Katika uzembe wote uliopimwa ardhini, usafi unaongoza.

"Tunatumia dakika kumi na nne," Kamanda akasema. "Jana mmetupima."

"Jana ni jana. Karani, tusomee maelezo. Machache tu, yatoshe."

Karani akasimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame. Alianza na mepesi. "Tarehe nne, dakika saba. Makombo mengi safu za nyuma. Tarehe kumi na moja, dakika tisa. Mkanda wa kiti uliokwama." Sauti yake ilisikika vizuri, Mkuu hakukosea. Akafungua ukurasa, akaona kinachofuata, akatamani kuruka, lakini afisa wa ubora alikuwa na nakala na kalamu yake ilikuwa inafuata mstari kwa mstari.

"Tarehe kumi na tisa, dakika mbili. Matapishi ndani ya kiatu, kabati la juu."

Shangazi akaguna kwa kukumbuka. Kamanda alitabasamu kidogo, bila kutaka. Kisa kile kilikuwa kizuri.

"Tarehe ishirini na sita, dakika kumi na moja. Meno ya bandia kwenye mfuko wa kiti, kutafuta mwenyewe."

Tabasamu likapungua. Yale meno hawakumtafutia mwenyewe. Aliyafunga kwenye karatasi, akayapeleka mapokezi mwishoni mwa zamu. Hiyo ya kutafuta mwenyewe aliichomekea yeye, mezani, ili bibi acheke: alijifanya anapita kwenye viti akiuliza abiria mmoja mmoja wafungue midomo.

"Tarehe mbili, mwezi uliofuata. Dakika kumi na tisa." Karani akaufuata mstari kwa kidole. "Rangi ya mdomo dirishani. Mchoro wa jua."

Kamanda akaweka chini kalamu aliyokuja nayo. Aliiweka taratibu sana, kama mtu anayeweka yai. Hakumwangalia mumewe kwanza, aliangalia mikono yake mwenyewe. Alikuwa ameelewa yote kwa mara moja: ile sita, mkate kikombeni, mwezi usiofunguka.

"Mkuu, naomba nimuulize msomaji."

"Uliza, kwa ufupi."

"Bwana Karani." Miaka kumi na saba ya ndoa hakuwahi kumwita hivyo. "Hiyo ya rangi ya mdomo. Fomu ya siku hiyo, iliyotoka chini, inayo?"

Karani akatazama karatasi. "Haina."

"Sasa wewe umeipata wapi?"

"Haya ni mambo ya ndani ya kumbukumbu," Mkuu akaingilia. "Tusipoteze—"

"Nauliza kwa sababu lile dirisha nililifuta mwenyewe, kwa sabuni ya mkononi. Lilinichukua dakika moja. Sikuripoti popote. Hata Shangazi huyu hapa sikumwambia."

"Hakuniambia," Shangazi akasema, na hakuwa anajua bado anashuhudia nini.

"Nilisimulia mahali pamoja tu," Kamanda akaendelea.

Angeweza kumalizia. Neno lilikuwa mdomoni, na hasira ya kulisukuma ilikuwepo, tena tele. Lakini mshahara wa mtu huyu ndio uliolipa bweni la watoto na kodi ya nyumba, na bibi aliyekuwa amefunga nyumbani asubuhi hiyo alikuwa mama yake. Kwa upande mwingine wa mizani alikuwa Shangazi na magoti yake. Kamanda alimtazama mumewe sasa, machoni, na akangoja.

Mkuu alikisoma kile kimya haraka kuliko wote, kwani kusoma vimya ndiko kulikompandisha cheo. "Karani hawezi kukumbuka," akasema. "Ni zaidi ya miezi minne. Si ndiyo, Karani? Hukumbuki."

Mlango ulikuwa wazi, amefunguliwa na mkubwa wake. Alihitaji kutikisa kichwa tu. Karani akafikiria meza ya nyumbani, mke wake amesimama na mwiko mkononi akichora jua hewani, mama yake anashika mbavu. Akaona haya. Si haya ya kukamatwa, bali haya ya kwamba siku ile alicheka kwa dhati, na kesho yake akakitumia kile kicheko.

"Nakumbuka," alisema. "Nilisimuliwa na mke wangu. Tukiwa tunakula."

Afisa wa ubora akainua kichwa. "Mkeo anafanya kazi wapi?"

"Hapa." Hakujua aiweke wapi mikono yake. "Ndiye huyo uliyempima jana."

Shangazi akasema, "Yesu!" na kisha, kwa kuwa hilo halikutosha, akasema, "Jamani, jamani, jamani."

"Keti, Karani," Mkuu akasema.

Hakuketi. Alipoanza, ilitoka yote, bila mpango, kama mtu anayetapika. Alisema ndege ya tarehe mbili ilizunguka juu dakika kumi na nane. Alisema ndege nane haziwezi kutua robo saa moja na hazijawahi. Alisema fomu halisi ziko kwenye makasha, stoo ya chini, na bado hazijachanwa. Kwamba aliambiwa azitafutie dakika mwenyewe, hilo pia alilisema, lakini akaongeza kuwa aliyechagua mwenyewe ni yeye, kwa sababu wale hawakuwa na simu.

"Zimeandikwa kumi na tisa," afisa wa ubora akasema, kalamu kwenye mstari. "Umezieleza kumi na nane."

"Moja sijui ilikwenda wapi."

"Hiyo moja ni ya dirisha," Kamanda akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Siku ile akiba tulishaitumia kwingine. Hiyo ni yangu. Niandikie."

Afisa akamwandikia.

*

Makasha yalifunguliwa wiki iliyofuata. Afisa wa ubora, ambaye hakuwa na urafiki na mtu yeyote na kwa hiyo alikuwa na manufaa, alizihesabu fomu mwenyewe. Dakika za usafi kweli zilikuwa arobaini na moja kwa miezi sita. Kampuni ya usafi ikabaki, na tajiri wake alifika siku ya kutia sahihi, hakuwa na mkutano mwingine. Dakika zilizobaki zilihitaji pa kwenda. Tisini na tatu hazikwenda, zilipelekwa kwenye namba ya mwisho kabisa, ya *sababu nyinginezo*, isiyo na meza wala mtu. Ratiba haikuguswa. Mpaka leo ndege nane zinapangwa kutua robo saa moja, na asubuhi ukiinua macho utaziona zikizunguka.

Karani alihamishiwa chumba cha mizigo iliyopotea, ghorofa ya chini, daraja moja pungufu. Huko wasafishaji hupita kila siku wakileta vilivyookotwa. Yeye humwamkia Shangazi, "Shikamoo," na Shangazi hujibu, "Marahaba," bila kupunguza mwendo. Wengine huweka kitu mezani, wakasaini, wakaondoka. Kamanda hutuma mtu.

Nyumbani hakukuwa na ugomvi. Bibi, aliyeambiwa tu kwamba mwanawe kabadilishiwa ofisi, aliusubiri ugomvi siku tatu, akaona hauji, na hilo likamtia hofu zaidi. Kamanda alipakua chakula kama kawaida, akamsogezea mumewe chumvi bila kuombwa, akamuuliza kama ada ya bweni imepelekwa. Alimjibu vizuri kila alichoulizwa. Siku moja usiku haujaingia, wakiwa mezani, bibi akashindwa kuvumilia.

"Haya, mama, leo wameacha nini huko ndegeni?"

"Hawajaacha kitu, mama."

"Ndege nzima?"

"Ndege nzima."

"Kumbe abiria siku hizi wamestaarabika," bibi akasema, akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye sahani na kusikiliza kama mwanafunzi. Aliposikia hakuna kinachofuata, akakirudisha kichwa chini. Akamaliza kula, akachukua ndoo kwenda mferejini.

Alikuwa anarudi uani, ndoo imejaa, aliposikia sauti ya mke wake kupitia dirishani. Ilikuwa imebadilika, ya kukoroma, ya mzee fulani anayegombana na mkanda wa kiti. Halafu hatua za mtu anayechechemea. Halafu kicheko cha mama yake, kile cha kushika mbavu, na sauti inayokatika ikiomba maji.

Akashika kitasa, na kicheko kikapungua palepale. Akakiachia. Akarudi nyuma hatua mbili, akasimama na ndoo yake mkononi, maji yanamdondokea mguuni, mpaka kisa kikaisha chote. Ndipo akabisha hodi kwenye mlango wa nyumba yake.